Marlett la Mwisho

Sura ya Tisa

Edna Mlowe, mpelelezi wa kujitegemea, alifika Beltsville, Maryland, saa mbili na robo asubuhi, kahawa mkononi, na kahawa yenyewe hakuinywa. Aliishika tu kwa sababu ilikuwa ya moto. Tangu amzike mama yake kwa simu mwezi uliopita, yeye amekaa kitandani Annandale, ndugu zake wa Njombe wakimwelekezea kamera kaburini, ulimi wake ulikuwa umekufa ganzi. Chai, wali, pilipili, vyote vilikuwa sawasawa mdomoni. Kazi aliifanya. Kazi haikutaka ulimi, ilitaka macho, na macho alikuwa nayo, tumshukuru Mungu kwa niaba yake maana mwenyewe hakuwa na nguvu za kushukuru.

Kesi ilikuwa hivi. Jumanne ya wiki iliyopita, Fidelis Ngonyani, fundi wa viti vya magari, mtu wa Songea, miaka sitini na moja, alikutwa amekufa chini ya gari katika gereji ya Mkenya mmoja anayeitwa Kipngetich. Gari lilikuwa Marlett la mwaka 1964, la kiwanda cha Ohio kilichofungwa zamani, refu, jeusi, la aina ambayo vijana wa leo hawajawahi kuliona hata barabarani. Polisi waliandika kwamba jeki iliteleza. Aliyelipandisha gari mchana ule, kabla ya kwenda kula, alikuwa Tito Haule, fundi mwenzake na marehemu, na alama za vidole vyake zilijaa kwenye mpini wa jeki. Saa ya kifo, kati ya saa saba na saa nane mchana, Tito alikuwa nje, amelala ndani ya gari lake baada ya kula, peke yake, hana shahidi hata inzi. Wakamshtaki kuua bila kukusudia. Kesho, Alhamisi, saa tatu asubuhi, alikuwa anasimama mbele ya jaji. Akipatikana na hatia ni jela, na baada ya jela ni ndege ya kurudishwa kwao, na mkewe Vaileth ana mimba ya miezi saba. Wakili wa Tito ndiye aliyemtafuta Edna. Siku iliyobaki ilikuwa moja, nayo ndiyo hii.

"Madam, umekuja tena," Kipngetich alisema akilisukuma juu shata la gereji. "Polisi wali-clear hapa Ijumaa. Sasa unatafuta nini?"

"Sijui bado. Nikikijua nitakwambia."

"Ai, lakini Jumamosi hiyo gari inaenda. Kuna hafla kubwa Arlington. Hao watu wa gari za umeme wamenunua jina la Marlett, wanataka kusimamisha gari yao mpya kando ya ile ya mwisho ya zamani. Mwalimu Kalamu ame-certify hii ndiyo ya mwisho. Unajua Mwalimu Kalamu?"

Edna alimjua. Nani kati ya Waswahili wa mji huu hamjui Kalamu Pettigrew? Mmarekani mweusi, amestaafu ualimu, kajifunza Kiswahili tangu enzi za nywele za afro, na kwenye misiba yetu yeye ndiye hutoa hotuba iliyonyooka kuliko zetu.

"Namjua," alisema. "Niachie nafasi."

Alivaa glavu za mpira, akapiga magoti. Alianzia chini kwa sababu Fidelis alifia chini. Sakafu ya saruji ilikuwa na vumbi la siku nyingi lililochanganyika na oili, na katika vumbi hilo, ubavuni mwa gari upande wa kulia, kulikuwa na duara safi. Edna alilipima kwa futi kamba, kisha akaenda ukutani, ambako tairi la spea lilikuwa limesimamishwa chini ya kalenda, akalipima nalo. Vipimo vilikuwa sawa.

Jana, nyuma ya kioo cha jela, Tito alimwambia, "Dada, mzee Fidelis hawezi kuingia chini ya gari bila kulaza tairi ubavuni. Hata kama anafuata spana tu. Alifundishwa ufundi mtaa wa Gerezani pale Dar, jeki ikikataa, gari likalie tairi, lisimkalie mtu." Polisi walilipiga picha tairi hilo likiwa ukutani na hawakuuliza kitu. Kwao tairi la ukutani ni tairi la ukutani.

"Nani alilitoa hili tairi?" Edna aliuliza.

"Si mimi. Mimi nilikuwa Laurel kuchukua spea, kamera yao imeniona saa saba mpaka saa nane. Polisi wame-confirm."

"Na jeki? Iliteleza?"

Kipngetich aliikuna shingo. Akatazama mlangoni, akatazama buti zake. Edna alimngoja. Alikuwa amegundua kwamba mtu asiyesikia kitu moyoni hungoja vizuri sana.

"Hiyo jeki haiwezi kuteleza," Kipngetich alisema mwishowe. "Inavuja mafuta. Unapandisha gari, inakaa fiti, halafu ukimaliza nusu saa hivi inaanza kushuka mdogo mdogo. Tito aliniambia mara mbili. Mimi ndiye nilisema tutabadilisha mwisho wa mwezi."

"Polisi uliwaambia?"

"Niliogopa, madam. Gereji ni yangu."

"Kwa hiyo ukamwacha Tito aubebe msalaba wako."

"Nilimwacha," Kipngetich alisema. "Yule dem wake, Vaileth, alikuja hapa juzi, akakaa kwa hiyo stuli saa nzima. Hakulia, hakuuliza kitu. Alikaa tu. Afadhali angenitukana."

Edna aliandika kila neno, akamsomea, akampa kalamu. Alitia sahihi bila kubisha. Basi jeki ilishuka, haikuteleza, na waliojua tabia yake walikuwa watatu: mmoja kazikwa, mmoja kafungwa, na wa tatu ndiye huyu anayefuta jasho asubuhi ya baridi.

Alilizunguka gari. Vioo vya pembeni vilimeta. Taa za nyuma zilimeta kupita kiasi. Tito alikuwa amemwambia jambo jingine: asubuhi ya siku ile, yeye na Fidelis waliona namba zimechorwa kwenye vioo na taa za Marlett, namba ya Kenya ya zamani, KKV ngapi sijui, wakacheka mpaka wakakaa chini. Gari la Ohio lina namba ya kwetu! Maana sisi tunajua habari hiyo. Ukinunua gari Nairobi au Dar, siku ya pili unampelekea mchoraji akukwangulie namba kwenye kila kioo na kila taa. Usipochora, utaliacha sokoni ulikute limebaki matundu.

Sasa hapakuwa na namba. Edna alipitisha kidole kwenye ukingo wa taa ya kushoto, pale kioo kinapokutana na fremu ya kromu, na glavu ikatoka na unga mwekundu.

"Uliziona namba?" aliuliza.

"Niliziona siku gari ilifika. Nikasema, ai, hii ni ya nyumbani! Mwenye aliniuzia ni mjukuu wa mmishenari, na huyo mmishenari alikuwa Kericho huko, akarudi na gari yake mwaka wa sabini na tisa. Ikabadilishwa usukani, ikawekwa kwa banda huko Ohio."

"Na Mwalimu Kalamu ulimwambia hayo?"

"Aliniuliza nimeitoa wapi, nikasema Ohio. Si ni kweli? Hakuuliza zaidi. Alikuwa ameshika hiyo plate ya chesisi, namba 21184, machozi yanatoka. Nikaona nisiharibu."

"Wewe ndiye uliyezifuta?"

"Ya nini?"

"Hebu niambie. Ungekuwa unazifuta wewe, ungefuta wapi na wapi?"

"Side mirrors. Taa za mbele, taa za nyuma. Kioo ya mbele, ya nyuma. Halafu windows, lazima windows, zote nne." Kipngetich akaacha kuhesabu. Akageuka kuitazama milango.

Vioo vya milango yote minne vilikuwa vimeshushwa, vimezama ndani, kwa sababu Fidelis alikuwa anatengeneza vitambaa vya milango. Edna alishika mpini wa kupandishia kioo cha mlango wa dereva, akazungusha. Kioo kilipanda kikilalamika. Kilipofika juu, kwenye pembe ya chini, palikuwa na maandishi madogo meupe: KKV 318. Akaenda mlango wa pili. KKV 318. Wa tatu na wa nne vilevile.

"Aliyefuta," Edna alisema, "hakujua kama madirisha nayo huchorwa. Alifuta alivyoviona."

"So si mtu wa kwetu."

"Si mtu wa kwetu. Si Tito. Wala si wewe, ingawa kwa ile jeki ungestahili kulala ndani walau usiku mmoja."

"Nastahili," Kipngetich alisema, na hakuwa anatania.

Lilibaki jambo la simu. Saa sita ya siku ile Tito alimsikia Fidelis akimwambia mtu, hakusikia ni nani, "Njoo leo. Nina mambo mawili ya kukuonyesha. La kwanza litakuuma, la pili litakuponya." Fidelis alipenda kuzungumza hivyo. Edna alimwambia Kipngetich alipandishe gari kwa jeki mpya, aweke stendi nne, na tairi pia lilazwe pale pale kwenye duara lake. Akaingia chini na tochi. Upande wa kulia wa chesisi aliona matundu manne ya bolti, yamepangwa sawasawa, na ndani ya matundu rangi ya kijivu ya kiwandani ilikuwa bado ipo. Hayakutobolewa na fundi wa mtaani. Gari hili lilizaliwa na usukani kulia.

Hilo lilikuwa la kwanza. La pili Edna alilitafuta kwenye kona ya Fidelis, penye cherehani, mabunda ya nyuzi, na kiti cha nyuma cha Marlett kilichong'olewa. Nyuma ya kiti kulikuwa na ubao mpana wa mgongo wake, uliofunikwa gunia kuukuu, umeegemezwa ukutani. Polisi hawakuugusa. Misumari iliyoshika gunia ilikuwa imeota kutu, yote, isipokuwa sita ya upande mmoja iliyong'aa. Edna aliing'oa hiyo sita polepole kwa koleo la marehemu, akaliinua gunia.

Majina. Kumi na tisa, kwa penseli nene ya seremala, kila mtu na mwandiko wake na idara yake. La mwisho kabisa lilikuwa la Pettigrew, na chini yake palikuwa na mstari mmoja mrefu kuliko mingine. Edna aliusoma mara mbili. Kisha akakaa kwenye stuli ya Fidelis, ile ile aliyokalia Vaileth, akaangalia ukuta.

"Madam? Uko sawa?"

"Niko. Njoo utie sahihi kwamba ninauchukua."

Alipiga picha na futi pembeni, akalirudisha gunia na misumari yake sita, akaufunga ubao kwenye blanketi. Alimpigia wakili, kisha akaendesha kuelekea Arlington, nyumbani kwa Mwalimu Kalamu. Angeweza kumwita Mwalimu aje gerejini. Hakutaka. Huku Maryland sheria hairuhusu kumrekodi mtu bila ridhaa yake. Ng'ambo ya mto, Virginia, iliko Arlington, inatosha mmoja wa wazungumzaji kujua. Edna alikuwa anajua.

Kalamu Pettigrew alifungua mlango mwenyewe, mrefu, kavaa sweta na tai, miaka sabini na minne imemkalia vizuri.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Mama yako tulimwombea kanisani. Umepoa kidogo?"

"Nimepoa," Edna alisema. Kupoa ndivyo hasa alivyokuwa.

Sebule ilikuwa ya Marlett mtupu. Vitabu, vifuniko vya radieta, taa kuukuu zimepangwa rafuni zinang'aa kama zimetoka dukani jana. Ukutani kulikuwa na picha ya gazeti: wanaume kumi na wawili, wazungu, wamesimama mbele ya gari jeusi. Kwenye ukingo wa picha, upande wa kushoto, kilionekana kiwiko cha mtu na nusu ya mkono wa shati.

"Hicho kiwiko ni cha baba yangu," Kalamu alisema. Alikuwa amezoea kuulizwa. "Amos Pettigrew. Alimwaga chuma cha moto kwenye tanuri lao miaka ishirini na sita. Siku ya mpiga picha, weusi waliambiwa wasogee pembeni."

"Nieleze habari za kampuni, Mwalimu. Kwa kifupi."

"Kwa kifupi haiwezekani, lakini nitajaribu." Akakaa, na sauti ya darasani ikamjia. "Walianza na mikokoteni ya farasi. Mwaka 1912 wakatoa gari la kwanza. Miaka ya ishirini, daktari asiye na Marlett hakuitwa daktari. Njaa ya miaka ya thelathini ilipoingia, wakatengeneza majokofu na magari ya maiti. Watu waliacha kununua magari, hawakuacha kufa. Vita vikaja, ambulansi. Baada ya vita wakatajirika, wakalewa sifa. Wenzao wanayaondoa mapezi ya nyuma, wao ndiyo kwanza wanayabandika. Tarehe 29 Mei 1964 geti likafungwa. Jina likanunuliwa na watu wa mashine za kukatia nyasi, hao wakawauzia watu wa betri, na watu wa betri ndio hawa wa Jumamosi."

"Na gari la mwisho?"

"Gazeti la mji lilisema litawekwa ukumbini, lisiondoke Ohio. Ukumbi ukavunjwa, gari likapotea. Vitabu vya kiwanda vya mwezi ule wa mwisho vimepotea pia. Nimelitafuta miaka arobaini. Jumamosi, kwa mara ya kwanza, jina la baba yangu litasomwa hadharani. Niliwaambia, hakuna jina, hakuna cheti."

Edna alizitazama taa za rafuni. Kando yake palikuwa na kopo dogo na kitambaa. Kitambaa kilikuwa na madoa mekundu.

"Unazing'arisha kwa kitu gani hizi?"

"Unga wa masonara. Hautoi mikwaruzo mipya, na ya zamani unaiondoa."

"Ulikwenda gerejini lini mara ya mwisho?"

"Jumamosi. Kabla ya msiba."

"Siku ya msiba hukwenda."

"Sikwenda."

Edna akakishusha kikombe cha chai alichokaribishwa, hakijaguswa. "Nasikitika kwa ajili ya Tito. Jeki imeteleza kufumba na kufumbua, na kijana wa watu anakwenda kuoza jela."

"Haikuteleza," Kalamu alisema. Miaka arobaini ya kuwasahihisha watu tarehe, namba na vipuri haimwachi mtu hivi hivi. "Jeki ya aina ile haitelezi. Ilishuka. Pole pole."

Saa ya ukutani ilikuwa inagonga. Mwalimu akaisikia kauli yake mwenyewe ikirudi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu hakuwa hata amezoea kuitembea.

"Polisi wameandika iliteleza," Edna alisema taratibu. "Aliyejua kwamba inashuka ni wenye gereji, na mtu aliyeiona ikishuka. Ulifuta vioo na taa, Mwalimu. Hukupandisha madirisha. KKV 318 iko kwenye milango yote minne."

Kalamu alizitazama taa zake rafuni, moja baada ya nyingine.

"Madirisha pia?" aliuliza.

"Sisi huchora kila mahali."

"Sikujua." Alivua miwani, akaishika. "Nimesoma lugha yenu miaka hamsini, na hilo sikulijua."

"Nieleze. Simu yangu inarekodi."

"Acha irekodi." Alizungumza bila kupandisha wala kushusha sauti, kama anasoma mahudhurio. "Alinipigia simu, nikaenda. Akanionyesha namba. Akasema, Mwalimu, gari hili limeishi Kenya. Nikasema haiwezekani. Akasema, njoo uone chini. Akaingia, akalivuta tairi kando mwenyewe ili nipate nafasi ya kuchungulia. Nikapiga magoti, nikayaona yale matundu ya usukani. Kitabu changu, ukurasa wa mia mbili na tatu, kinasema Marlett hawakuwahi kutengeneza gari la usukani wa kulia, hata moja. Basi nikajua ni gari bandia. Mtu amebandika namba ya chesisi kwenye takataka. Nikasimama. Gari likaanza kushuka."

"Ulikuwa wapi?"

"Hapo hapo. Tairi lilikuwa miguuni pangu. Akasema, Mwalimu, nisogezee tairi."

"Ukafanya nini?"

"Nilikuwa nawaza ukurasa wa mia mbili na tatu."

Edna aliandika.

"Nilisikia," Kalamu alisema. "Usiandike kwamba sikusikia. Nilisikia, nikaelewa kila neno, na miguu yangu ikakaa ilipo. Nikawaza, kesho atamwambia kila mtu. Kisha hakukuwa na mtu tena wa kusogezewa tairi. Nikalisimamisha ukutani. Lilikuwa njiani. Kopo la unga lilikuwa garini kwangu, huwa natembea nalo. Ilinichukua dakika kumi na tano. Tito alikuwa amelala kwenye gari lake nje. Nilimpita kwenda na kurudi, naye mdomo wazi, amechoka."

"Na ukamwacha afungwe."

"Nilijiambia, nitasema baada ya Jumamosi. Likishasomwa jina."

Edna alitoka, akarudi na blanketi. Aliulaza ubao juu ya meza, kati ya vikombe, akamkabidhi koleo.

"Ulisikia jambo la kwanza, Mwalimu. La pili hukulisubiri."

Kalamu alilishika koleo. Aliing'oa ile misumari sita inayong'aa, mmoja mmoja, akaipanga mezani. Akaliinua gunia. Akayasoma majina kutoka juu kwenda chini, midomo ikicheza, kumi na tisa, na alipofika la mwisho akasimamisha kidole. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, lakini yeye, kwa mazoea ya darasani, aliyatoa kwa Kiswahili, polepole, ili mwanafunzi wa nyuma naye asikie.

"Amos Pettigrew, tanuri namba mbili. Hili ndilo la mwisho kabisa. Linakwenda Mombasa, Afrika. Laiti ningekwenda nalo."

Akausoma tena kimya.

"Mwezi ule wa mwisho walipata oda ya nje," Edna alisema. "Usukani kulia. Ndiyo sababu vitabu vyake havikukaa na vingine. La ukumbini halikuwa la mwisho. La mwisho ni hili. Zile namba ulizozifuta ndizo zilikuwa ushahidi kwamba ulikuwa sahihi."

"Ndiyo," Kalamu alisema. "Naona."

"Cheti chako ni cha kweli."

"Naona, mwanangu." Aligusa moja ya misumari mezani. "Hii ni mipya. Fidelis alikuwa ameshausoma?"

"Aliusoma. Akaupigilia tena ili uufungue wewe mwenyewe."

Mwalimu alikaa. Alikaa hivyo mpaka chai ikafanya utando. Kisha akauliza Tito anasimama mahakamani saa ngapi, akaambiwa saa tatu kesho, na wakili yuko ofisini kwake Hyattsville sasa hivi, anawangoja pamoja na polisi. Akasema, basi twende. Akavaa koti, akazima taa za sebuleni zote, akafunga mlango kwa funguo, halafu akazitazama funguo na kumpa Edna, kama mtu ambaye hana mahali pa kuziweka.

Ndani ya gari aliomba ubao aupakate. Edna alisita, kwa sababu ni ushahidi, kisha akaufunga vizuri kwenye blanketi na kumwekea magotini. Walivuka mto. Maji yalikuwa ya kijivu na anga vilevile. Walipofika upande wa Maryland Kalamu akafungua mdomo.

"Kuna neno nimeliacha kule ndani. Liandike."

"Sema."

"Hakupiga kelele. Alisema, Mwalimu, tafadhali, nisogezee tairi." Alikuwa anautazama ubao uliofungwa blanketi. "Alisema tafadhali."

Edna akapunguza mwendo, akasogea kando ya barabara, akawasha indiketa, akaliandika.